NYIMBO ZA MWASHI WA ALEXANDRIA

(Maneno ya mwanachama mmoja wa reli katika mkutano wa tawi)



Katibu alinitaka niseme juu ya nyimbo na haki ya mfanyi kazi. Wengine mmeguna, mkidhani mkutano wa mishahara umegeuka dansi. Nipeni masikio kidogo. Habari yangu ni ya Misri, na mwenyewe alikuwa mtu wa kazi kama sisi.

Sayyid Darwish alizaliwa Alexandria mwaka 1892, katika nyumba ya maskini. Alioa bado kijana, na nyumba ilitaka chakula, basi akaingia kazi ya uashi. Kazini alikuwa akiimba. Inasimuliwa kwamba msimamizi aliona mafundi wakisikia sauti ile huongeza mwendo, akamwambia aweke matofali chini, aimbe tu, na mshahara atapata. (Nasikia mnacheka. Mnyapara wa namna hiyo sijamwona bado.)

Wakati ule nyimbo zilizosifiwa zilikuwa za majumba ya mabwana, mapenzi matupu na kuugua. Darwish alipofika Cairo akitunga nyimbo za michezo ya kuigiza, aliwaleta jukwaani makuli, wachukuzi wa maji, mabaharia na makarani, kila mmoja akiimba kwa maneno ya kazi yake. Maneno mengi aliandikiwa na Badi' Khayri.

Katika vita ya 1914 mpaka 1918 Waingereza walichukua Wamisri kwa malaki kufanya kazi za jeshi. Walilaza reli katika jangwa la Sinai. Wengine walipelekwa hata Ufaransa. Wengi walikamatwa kwa nguvu vijijini. Jambo hilo Kenya tunalijua: jina la Kariakoo lilitokana na kikosi cha wachukuzi wa vita hiyo hiyo. Mwaka 1919 Darwish akatunga "Salma ya Salama", wimbo wa watu hao wakirudi kwao salama. Mwaka 1977 Dalida, mzaliwa wa Cairo, aliuimba kwa maneno mengine ukapendwa Ulaya. Sauti ni tamu, sikatai, lakini yule mchukuzi hayumo tena.

Machi 1919 Waingereza walimkamata Saad Zaghloul, kiongozi wa kudai uhuru, wakampeleka Malta. Nchi ikawaka. Wafanyi kazi wa reli wa Cairo waligoma, na wakulima waling'oa njia ya reli. Kumtaja Saad kukakatazwa. Sasa, Misri kuna tende ziitwazo zaghloul. Darwish akatunga wimbo wa mchuuzi anayesifu tende zake, watu wote wakauimba barabarani. Askari atamkamata nani? Anayeuza tende? Watu wa pwani mnalijua fumbo la namna hiyo.

Alikufa Septemba 1923, umri wake miaka 31. Wimbo wake "Bilady" ulifanywa wimbo wa taifa la Misri mwaka 1979.

Ndugu zangu, wazee wetu wa gangi walioinua reli na mataruma kwa mikono walikuwa na nyimbo zao, na nyingine zilimsema mnyapara waziwazi mbele yake, naye hajui lugha. Wazee hao wanakwisha. Katibu amenunua daftari kwa kazi hii. Mwenye baba au babu aliyestaafu reli amlete Jumamosi saa nane, tutamlipia nauli na chai.