Namba Ghafi: Nani Ausome Msimbo wa Mizani ya Kahawa?



Mwenzangu mmoja idarani, ninayemheshimu na ambaye yumo humu ukumbini, aliniambia mada hii haistahili mhadhara wa umma. Hoja yake ni kwamba mizani ikishapimwa kwa mawe na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, kilichomo ndani yake ni cha fundi peke yake. Atanisamehe, maana sehemu kubwa ya jioni hii ni yake.

Historia ya mizani na kahawa mkoani Kagera mnaijua, na mambo ya butura, kahawa kuuzwa ingali maua mtini, mnayajua zaidi. Nayaruka. Ndani ya mizani nyingi za bei nafuu mna kigeuzi kiitwacho HX711, cha kampuni ya Avia Semiconductor. Gunia la kahawa ya maganda likikandamiza pande la chuma, hutoka umeme hafifu mno. Kigeuzi huukuza mara 128 na kuugeuza kuwa namba ya biti 24, yaani ngazi 16,777,216.

Karatasi ya maelezo ya kigeuzi hicho ni fupi, nami naipenda kuliko vitabu vyangu vingi. Ni kavu kama barua ya karani wa forodha. Mstari wa saa, yaani waya ambao kompyuta hukipigia kigeuzi mapigo, ukipigwa mara 25, usomaji unaofuata utakuzwa mara 128. Ukipigwa mara 27, utakuzwa mara 64, na gunia litasomeka nusu. Mstari huo ukikaa juu kupita maikrosekunde 60, kigeuzi hujizima. Kikiamka, kwa kasi ya vipimo 10 kwa sekunde, huhitaji milisekunde 400 kabla namba yake haijaaminika.

Sasa, mkaguzi huja na mawe yake asubuhi tulivu, kompyuta ya mizani haina kazi nyingine. Msimu ukipamba moto, kompyuta hiyohiyo inachapa risiti na kutuma ujumbe wa simu. Programu inayosoma kigeuzi ikipokonywa zamu mstari wa saa ukiwa juu, maikrosekunde 60 si kitu. Andreas Klinger, mwandishi wa kiendeshi cha HX711 (programu ya kukisoma kigeuzi) kilichoingia kwenye mfumo wa Linux mwaka 2017, aliliona hilo, akaweka onyo ndani ya msimbo na kuzuia upokonyaji huo. Jiwe la kilo 20 halisomi onyo.

Kosa linaloniudhi zaidi ni dogo. Namba ile ya kigeuzi inaweza kuwa na alama ya hasi. Sinia tupu likishuka chini ya sifuri kidogo, programu isiyojali alama huonyesha karibu milioni 17. Mwandishi mvivu huamuru kila kilicho chini ya sifuri kiwe sifuri. Skrini inatulia. Mizani iliyo gramu 300 chini sasa inaonekana sawa, na kila gunia linaacha gramu 300 kwa mnunuzi. Mstari huo mmoja ataugundua msomaji wa pili wa msimbo, asiyeuandika.

Sisemi stika ifutwe. Mawe hukamata mizani iliyochezewa, na msimbo safi hauponyi chuma kilichopinda. Kamachumu, hukohuko Kagera, nilimwona bibi mmoja akipanda juu ya mizani kabla ya gunia lake. “Mama, nawe ni maganda?” karani akacheka. “Uzito wangu naujua,” akajibu, “mizani yako siijui.” Alichofanya ni kile cha mkaguzi, jiwe moja, mara moja, ila yeye alikifanya siku ya kuuza.

Linux hutoa namba ghafi, ile ya kigeuzi chenyewe, mbali na kizidishi mbali. Nami nataka hivyohivyo kwenye vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS: risiti ionyeshe kilo, na chini yake namba ghafi, namba ya sinia tupu ya wakati huo, na kizidishi. Mwenzangu atasema mkulima hataielewa. Mjukuu wa mkulima huyo, wa kidato cha pili, anajua kutoa na kuzidisha, na hesabu yenyewe haina zaidi ya hayo.