Nchi Jirani: Fundisho la Rwanda Juu ya Wanaume Wanaopiga Wake Zao

Mume anapompiga mkewe na kufikishwa mbele ya sheria, hubaki swali moja: adhabu ikishakwisha, atarudi nyumbani akiwa mtu wa namna gani?

Huko Marekani, tangu mji wa Duluth ulipoanzisha utaratibu wake mwaka 1981, mahakama nyingi zimekuwa zikiwaamuru watu wa aina hiyo kuhudhuria mafunzo ya kuwarekebisha. Lakini mafunzo hayo yalipopimwa katika wilaya ya Broward, jimbo la Florida, matokeo yalivunja moyo. Wanaume 404 waliotiwa hatiani waligawanywa kwa kura: wengine wakapewa mafunzo ya wiki 26, wengine wakawekwa chini ya uangalizi wa kawaida tu. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 24 ya kila kundi walikuwa wamekwisha kamatwa tena.

Jirani zetu wa Rwanda wamejaribu kuanzia mbali zaidi. Nchi hiyo ilitunga sheria dhidi ya ukatili wa kijinsia mwaka 2008, lakini haikuishia kwenye polisi na magereza. Kati ya mwaka 2013 na 2015, mpango uitwao Bandebereho uliwakusanya akina baba vijana katika wilaya za Karongi, Musanze, Nyaruguru na Rwamagana. Hawa hawakuletwa na hakimu. Walikuwa wenye watoto wadogo, au wanaotarajia kupata mtoto. Katika vikao 15, vingine pamoja na wake zao, walizungumzia malezi, fedha za nyumbani, ulevi, kazi za jikoni, na namna ya kumaliza ugomvi pasipo ngumi. Waliowaongoza walikuwa akina baba wenzao wa pale pale kijijini.

Watafiti waliwalinganisha na wenzao wasioingia katika mpango. Jumla walikuwa jozi 1,199. Walioulizwa juu ya kipigo ni wake wenyewe. Miezi 21 tangu mpango uanze, asilimia 33 ya wake wa waliofundishwa walisema wamepigwa katika mwaka uliopita. Kwa wengine ilikuwa asilimia 57. Miaka sita baadaye tofauti hiyo ilikuwa bado ipo.

Hata hivyo tusijidanganye. Mke mmoja kati ya watatu alikuwa angali akipigwa. Kwa huyo, mafunzo hayawezi kuchukua nafasi ya polisi, hakimu na mahali pa kukimbilia.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikwisha tamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Sheria tunayo. Kinachotakiwa ni kuifikisha barazani, shambani na kilabuni, kabla mkono haujainuliwa. Samaki hukunjwa angali mbichi.