Hakuijua Siku: Ubinadamu wa Kristo na Namna Tunavyoutetea



Miaka kadhaa iliyopita nilisimama pembeni mwa uwanja wa mhadhara wa dini, Dar es Salaam, jua likizama. Kijana mmoja Mwislamu alipewa nafasi ya kuuliza. Alikuwa na Biblia ya Kiswahili yenye vipande vya karatasi kati ya kurasa. Akafungua Marko 13:32, akasoma polepole, kisha akasema: "Mungu anajua kila kitu. Yesu anasema siku ile haijui. Nisaidieni." Mhubiri wetu hakusita: "Aliijua, ila hakutaka kuwaambia." Upande wetu tukapiga makofi. Kijana akangoja makofi yaishe, akauliza kwa upole: "Kwa hiyo alisema hajui, na huku anajua?" Uwanja ukanyamaza.

Mada hii imetokana na kimya kile. Naamini mara nyingi tunautetea uungu wa Kristo kwa kuupunguza ubinadamu wake, na anayetetea hivyo huishia kuvipoteza vyote viwili.

Nianze na usemi wetu wa kila siku, kwamba Mungu "alivaa mwili". Mababa wa kale nao walitumia picha ya vazi, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni pale picha inapogeuka kuwa maelezo yote. Vazi haliwazi wala haliogopi. Mwenye kulivaa yuko vilevile ndani yake. Tena kwa msikilizaji wa kawaida "mwili" ni nyama na mifupa, wakati Yohana anaposema Neno alifanyika mwili anamaanisha mtu mzima pamoja na udhaifu wake. Katika karne ya 4 Apolinari wa Laodikia alifundisha kwamba ndani ya Yesu Neno alishika nafasi ya akili ya kibinadamu. Hakuwa adui wa imani. Alikuwa amesimama upande wa Athanasio, mtetezi wa uungu wa Kristo, dhidi ya Ario aliyeukana. Hata hivyo Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381 ulilikataa fundisho lake, na Gregori wa Nazianzo alionyesha kwa nini: kile ambacho Mwana hakukitwaa hakikuponywa. Kama hakutwaa akili yetu, basi akili, ambamo dhambi huanzia, imeachwa na ugonjwa wake. Mtaguso wa Kalsedonia wa mwaka 451 ukaweka mipaka: nafsi moja, asili mbili, bila kuchanganyika na bila kutengana.

Hapo ndipo mwanafalsafa anapotushika mkono. Mwaka 1977 kilitoka Uingereza kitabu *The Myth of God Incarnate*, na mhariri wake, John Hick, alisema kwamba kumwita Yesu wa Nazareti Mungu pia, bila maelezo, ni sawa na kuliita duara mraba. Hoja hii ni nzito, na asiyeiona uzito wake hajaielewa. Mungu hana mwanzo, mtu ana mwanzo. Mungu anajua yote, mtu hajui yote. Mmoja atakuwaje yote hayo?

Jibu linalonisaidia zaidi ni la mwanafalsafa Mmarekani Thomas Morris, aliyelieleza mwaka 1986. Fasili ya duara tunaijua yote, kwa hiyo tunajua kabisa kinachogongana nayo. Lakini nani ametupa fasili ya mtu? Tumewatazama watu, tukaona kila mmoja ana kikomo, tukahitimisha kwamba kuwa na kikomo *tu* ndiko kuwa mtu. Hadi mwaka 1961 hakuna binadamu aliyewahi kutoka nje ya anga la dunia. Mwanaanga Gagarin alipotoka mwaka huo hakuacha kuwa mtu. Lililo kweli kwa watu wote tunaowafahamu si lazima liwe ndilo linalomfanya mtu awe mtu. Kiswahili chetu kinalibeba jambo hili vizuri: Yesu ni mtu kamili, lakini si mtu tu. Hana upungufu wowote wa ubinadamu. Ana zaidi ya ubinadamu.

Jibu hilo linaondoa mgongano wa maneno, ila halijamjibu yule kijana. Wengi wetu husema: kwa upande wa uungu alijua, kwa upande wa ubinadamu hakujua. Ni kweli, lakini tukiishia hapo mtu atauliza: huyo *mmoja*, alijua au hakujua? Tukijibu ovyo tunapata Kristo wawili wanaokaa nyumba moja, jambo ambalo Kirilo wa Aleksandria alilipinga katika mafundisho ya Nestorio. Katika karne ya 19 wengine, kama Gottfried Thomasius huko Ujerumani, walisema Mwana aliziweka kando baadhi ya sifa za uungu kwa muda. Nakiri njia hii inavutia, lakini sioni namna ya kumweka Mungu pembeni mwa uungu wake.

Morris, na baadaye mwanafalsafa mwenzake Richard Swinburne, wanazungumzia akili mbili katika nafsi moja: ya kimungu inaona yote, ya kibinadamu inajifunza hatua kwa hatua, na haifunuliwi yote yaliyomo katika ile ya kwanza. Umewahi kukutana njiani na mtu unayemfahamu vizuri, jina lake likakupotea? Jina unalo, na hulipati. Wewe ni mmoja. Mfano huu una kasoro, maana kusahau hutupata bila kutaka, na Kristo alishuka kwa hiari. Lakini unaonyesha kwamba kujua na kutokujua vinaweza kukaa kwa mmoja bila kumgawa.

Kwa hiyo ningemjibu kijana hivi: umesoma sawasawa, hakuijua. Alisema kweli. Alikuwa na akili kama yako, na kwa akili hiyo siku ile haikuwa imefunuliwa. Kisha ningemsomea Yohana 11. Yesu anafika Bethania, anauliza Lazaro amelazwa wapi, na anasubiri kuonyeshwa njia. Muda mfupi baadaye anamwita maiti kwa jina naye anatoka. Aliyeuliza njia ya kaburini ndiye aliyemtoa marehemu kaburini.

Kuna Gethsemane pia, ambako utashi wa kibinadamu unatetemeka kabla ya kukubali. Katika karne ya 7 watawala wa Konstantinopoli walitaka amani ya dola, wakaona ni rahisi kukiri kwamba Kristo alikuwa na utashi mmoja tu. Maksimo Muungamaji, mtawa aliyezidi miaka 80, akakataa. Alisema bila utashi wa kibinadamu hakuna mtu aliyetii pale bustanini. Mwaka 662 walimkata ulimi na mkono wa kulia, wakampeleka uhamishoni, akafa mwaka uleule. Mtaguso wa tatu wa Konstantinopoli, uliofungwa mwaka 681, ukakiri utashi mbili katika Kristo, kama yule mzee alivyofundisha kabla hajanyimwa ulimi wa kusemea.