Motokaa Iliyoingia Maji

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya motokaa iliyopatwa na mafuriko, ikakataa kuwaka.

Sisi tukaao Tunduma, Vwawa na Mbozi twazijua mvua zetu. Huanza mwezi wa Novemba, na ifikapo Machi udongo umekwisha shiba, vijito vimefurika, na Mto Momba washuka kwa nguvu kuelekea Ziwa Rukwa. Barabara kuu iendayo Zambia ina lami, lakini njia za mashambani hupita mabondeni, na huko ndiko motokaa zinakonaswa.

Jirani yetu mmoja alikuwa na pikapu ya kuchukulia kahawa, aliyoinunua kwa akiba ya miaka mingi. Siku moja ilizimika katikati ya kijito. Tulikuwa watu wanane, tukaisukuma mpaka ng'ambo, kisha tukamwambia kwa sauti moja, “Washa!” Akawasha. Tukasikia mshindo mmoja wa chuma, kisha kimya. Mkono wa pistoni ulikuwa umepinda. Maji yaliizima injini ile, lakini shauri letu ndilo lililoivunja.

Sababu yake ni nini? Twaeni pampu ya baiskeli, zibeni tundu lake kwa kidole, kisha sukumeni. Hewa iliyo ndani itajibana. Sasa ijazeni maji mkasukume tena, haiendi. Katika injini ya petroli, pistoni huibana hewa mpaka ibaki karibu sehemu moja ya kumi ya nafasi yake ya kwanza, na katika injini ya dizeli huibana zaidi. Maji hayabaniki hivyo. Yakiwamo ndani ya silinda na stata ikalazimisha, chuma chaweza kupinda au kupasuka.

Basi la kwanza ni hili: msiguse ufunguo. Fungueni betri, mkianza na waya wa hasi. Kisha tazameni alama ya tope ubavuni, mjue maji yalifika wapi. Fungueni chujio la hewa. Likiwa limelowa, huenda injini imekunywa maji. Vuteni kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, au ikiwa imezidi kipimo chake, maji yamechanganyika nayo. Imwageni yote, mtie mpya pamoja na chujio jipya. Lakini chujio likiwa kavu, oili ikiwa safi, na maji hayakufika kwenye mdomo wa kuvutia hewa, yaelekea injini ni nzima.

Mkishuku maji, toeni plagi zote, kisha zungusheni injini polepole kwa spana kwenye boliti ya puli ya chini. Jitengeni na matundu, maana maji huruka kwa nguvu. Injini ikikataa kuzunguka, msiilazimishe, mwiteni fundi. Ile ya dizeli mwachieni yeye tangu mwanzo, kwa kuwa haina plagi za namna hii.

Injini ikizunguka vyema, plagi zikakaushwa na kurudishwa, na bado haiwaki, tafuteni katika mambo mawili: umeme na mafuta. Motokaa za zamani huwa na distribyuta. Fungueni kifuniko chake mkakifute kwa kitambaa kikavu. Motokaa za siku hizi huongozwa na kompyuta ndogo, na mara nyingine huwekwa chini, karibu na miguu ya abiria. Tope likifika huko, hiyo ni kazi ya fundi wa umeme. Ama mafuta, toeni kidogo katika tangi, mtie katika chupa nyeupe, mkaiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli na dizeli. Yakiwamo, mtayaona yamekaa chini, na mpaka wake ni dhahiri. Hapo tangi litolewe mafuta yote na kusafishwa.

Na kama mkigeuza ufunguo pasisikike lolote, tazameni betri, vichwa vya nyaya zake, fyuzi, na stata yenyewe.

Hata ikiwaka msishangilie upesi. Oili ya giaboksi na ya difu ikaguliwe, na breki zijaribiwe kabla ya kuingia barabarani.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Jirani yetu alikaa misimu miwili akikodi gari la watu kupeleka kahawa yake, naye hakutulaumu hata mara moja. Sisi tunajilaumu. Basi mkikuta mtu amekwama mtoni, msukumeni mpaka nchi kavu, kisha mshikeni mkono asiwashe.