Sifuri Kati ya Moja

Niliomba mhadhara huu usomwe hapa Tulia, si kule ukumbini chuoni. Wenzangu walidhani nataka kujionyesha nyumbani. Labda kidogo. Lakini ninachotaka kusema leo hukielewa upesi mtu aliyewahi kuchimba mtaro wa fanya juu.

Mnajua kazi yenyewe. Unachimba kufuata usawa wa mteremko, udongo unautupa upande wa juu, unakuwa ukingo. Wataalamu wa udongo ulimwenguni huliandika jina hilo vivyo hivyo, fanya juu, kwa sababu mbinu hii ilijulikana kwao kupitia vilima vya huku kwetu. Sasa chukulia shamba lako liko katikati ya mteremko. Maji yanayokufikia yametoka kwa jirani wa juu, na yatakayokushinda yatamwendea wa chini. Uchimbe kwa bidii uwezavyo, bado kuna jambo ambalo huwezi kulijua mpaka jirani akwambie.

Utabiri wa mvua hukokotolewa hivyohivyo. Ipo programu inayoitwa WRF, inayotumiwa na ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha IGAD kilichoko Ngong, kwa utabiri wa nchi 11 za upande huu wa Afrika. Hesabu zake ni nyingi mno kwa kompyuta moja. Kwa hiyo ramani hukatwa vipande, na kila kipande hukabidhiwa prosesi moja, yaani nakala moja ya programu inayofanya kazi peke yake: upepo wake, joto lake, unyevu wake. Kabla ya kupiga hatua inayofuata, kila prosesi humwuliza jirani yake: ukingoni kwako kuna nini? Majibu hayo ndiyo jumbe nitakazozungumzia. Kwetu sisi, tunaotegemea mvua ya Oktoba hadi Desemba kuliko ile ya Machi, ujumbe mmoja usiofika unaweza kumaanisha hakuna utabiri asubuhi hiyo.

Zamani kila kiwanda cha kompyuta kilikuwa na namna yake ya kutuma jumbe. Mwaka 1992 wataalamu walikutana Williamsburg, Virginia, wakaanza kutafuta lugha moja, na mwaka 1994 wakatoa toleo la kwanza la lugha hiyo, MPI. Nawaomba wanafunzi washike hili: MPI ni mapatano yaliyoandikwa, nayo hutekelezwa na maktaba zaidi ya moja. Iko MPICH, iliyoanzia maabara ya Argonne kule Marekani. Iko Open MPI, iliyozaliwa mwaka 2004 kwa kuunganisha miradi iliyokuwapo. Ukiandika programu, maneno ni yale yale kwa zote mbili. Ndani, kila moja ina mambo yake.

Niliponea chupuchupu kuiacha fani hii kwa sababu ya hiyo tofauti ya ndani. Nilikuwa mwanafunzi, maabara yetu ina kompyuta kuukuu, na programu yangu ya kwanza haikuwa na kazi ila kusalimu. Kila prosesi iseme ni namba ngapi, kati ya wangapi. Nikaandika amri mbili, ya kwanza kuijenga programu, ya pili kuiendesha kwa prosesi nne:

mpicc salamu.c -o salamu
mpirun -np 4 ./salamu

Hakuna kosa lililotokea. Kikatoka hiki:

Mimi ni 0 kati ya 1
Mimi ni 0 kati ya 1
Mimi ni 0 kati ya 1
Mimi ni 0 kati ya 1

Hebu fikirini mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, wa watu wanne, kila mmoja anaamini yuko peke yake shambani, na wote wanachimba shimo lile lile. Kwa siku tatu nilikagua msimbo wangu mstari kwa mstari. Ulikuwa mzima. Aliyetutayarishia mitambo alikuwa ameweka maktaba zote mbili bila kutuambia: mpicc ilikuwa ya MPICH, mpirun ya Open MPI. Prosesi zilianzishwa na mtu zisiyemjua, hazikupata habari kwamba zina wenzao, kila moja ikajihesabu sifuri.

Laiti mtu angenifundisha wakati ule kwamba mpicc si kompaila! Ni tarishi tu. Kompaila yenyewe ni gcc au nyingine iliyoko hapo. Mpicc huiongezea anwani. Jaribu kuiruka. Andika gcc salamu.c, na italalamika kwamba haioni mpi.h. Ielekeze liliko faili hilo kwa -I, na uongeze -c ili isimame kwenye hatua ya kwanza: sasa itakubali na kukupa salamu.o. Hapo mwanafunzi hushangilia mapema. Salamu.o inajua jina MPI_Init bila kujua nyumbani kwake. Katika hatua ya kuunganisha, gcc itakwambia jina hilo halina mwenyewe, mpaka uionyeshe maktaba kwa -L na -lmpi. Kosa la kwanza na hili la pili hayatibiwi kwa dawa moja, ingawa nimeona wengi wakiongeza -I mara kumi kwa tatizo la kuunganisha.

Kuijenga WRF nako hakuna miujiza. Unaendesha ./configure, unachagua mstari wenye neno dmpar, yaani wa kutumia MPI, kisha ./compile em_real, na unaweza kupika chai, ukanywa, ukaosha na vikombe. Maktaba ya NetCDF inayohifadhi data lazima iwe imejengwa kwa kompaila ile ile, la sivyo kazi hukwama mwishoni, wakati umeshachoka. Nakiri kwamba sipendi miongozo inayomwambia mwanafunzi anakili amri bila kuzifungua.

Mwaka 2025 mapatano ya MPI yalifika toleo la 5.0, nalo limeweka kanuni ya pamoja hata ya yale mambo ya ndani, ili programu iliyojengwa kwa maktaba moja iweze kuendeshwa na nyingine. Mitambo mingi bado ni ya zamani, kwa hiyo which mpicc, which mpirun na ldd ./salamu nitaendelea kuziandika kabla ya kazi yoyote, kuhakikisha zote ni za maktaba moja.

Vijana mliokuja na laptopu, zitoeni sasa. Wenye MPICH waandike mpicc -show, wenye Open MPI waandike mpicc --showme. Usiyejua yako ni ipi, jaribu zote mbili. Kisha mnisomee kwa sauti kinachotoka, tukianzia safu ya nyuma.