Mzee Hakukataa Nusu ya Ugali

Nilipanda Lushoto kumjulia hali mjomba wangu, aliyekuwa ametoka hospitali baada ya kupatwa na kiharusi. Nilimkuta barazani akizungumza vizuri, anakumbuka bei ya viazi na jina la kila jirani. Sahani ilipoletwa alikula ugali wa upande wa kulia, akaacha wote wa kushoto, kisha akalalamika kwamba hakushiba.

Mkewe akaninong'oneza kuwa mzee siku hizi anadeka. Jirani akataja kurogwa. Mimi nikadhani ni macho. Mkewe alipoizungusha sahani, mjomba akashangaa kuona chakula, akala.

Kiharusi kile kilikuwa kimeumiza upande wa kulia wa ubongo. Aliyeumia huko, kwa kiharusi au kwa ajali ya pikipiki, anaweza kuishi kana kwamba kushoto hakupo. Hunyoa nusu ya ndevu, huvaa mkono mmoja wa shati, hujigonga mlangoni. Mara nyingi mwenyewe hajui kuwa kuna kinachopungua, kwa hiyo hawezi kumweleza daktari.

Na si lazima macho yawe mabovu. Mwaka 1978, wataalamu Bisiach na Luzzatti wa Milano, Italia, waliwaomba wagonjwa wawili wajifikirie wamesimama upande mmoja wa uwanja wa kanisa kuu la mji wao, wautaje ulivyo. Walitaja zaidi majengo ya kulia. Walipoambiwa wajifikirie wamesimama upande wa pili, wakataja yale waliyoyaacha mwanzo. Ni kama mtu asimulie njia ya kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto akitaja ukingo mmoja tu, na akisimulia kushuka ataje ule mwingine.

Kupima jambo hili hakuhitaji mashine. Mwaka 1973 Albert alieleza kipimo cha mistari mifupi 40 iliyotawanywa kwenye karatasi. Mgonjwa huambiwa aikate yote. Anayeiacha ya kushoto amejionyesha. Je, mzee asiyewahi kushika kalamu? Mwaka 1996 Tham na Tegnér wa Sweden walieleza kipimo cha kupanga vipande 16 juu ya ubao, vienee sawasawa kama mikate inayokwenda kuokwa. Mwenye tatizo huvirundika kulia. Mama yeyote aliyewahi kupanga maandazi kwenye sinia ataelewa.

Ndugu msikilizaji, mkono uliolegea kila mtu anauona. Kasoro hii haionekani mpaka itafutwe. Na katika milima ya Usambara, njia ya kwenda shamba ni nyembamba na pembeni ni bonde. Mtu asiyejua kwamba kuna kushoto atapitaje hapo peke yake?

Basi ukimwona mgonjwa wako anaacha nusu ya sahani, usimgombeze wala usikimbilie kutafuta mchawi. Mweleze daktari ulichokiona, umwombe ampime. Nyumbani, mkumbushe kugeuza kichwa kushoto, na asitembee ukingoni bila mtu. Wengi hupata nafuu kadiri miezi inavyokwenda.

Mkewe mjomba sasa hukaa kushoto kwake na kumwita kutoka huko. Mzee hugeuka, polepole, akamwona.