Kuyaelewa Maradhi ya Saratani: Mifano ya Shinyanga na Geita

(Matini ya mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi)



Nimetakiwa nizungumze juu ya maradhi ya saratani. Mimi si tabibu. Kazi yangu ni kuyafikisha kwa lugha inayoeleweka yale ambayo matabibu wameyathibitisha. Mifano yangu nimeitoa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, kusini mwa Ziwa Viktoria, kwa kuwa huko visababishi kadhaa vya maradhi haya vinaonekana kwa macho, na kimojawapo tunacho sisi wenyewe hapa Unguja na Pemba.

Neno saratani ni la Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, yule wa pwani. Wayunani nao waliyaita maradhi haya kwa jina la mnyama huyo huyo. Jina hilo lakumbukika vyepesi, lakini humfanya mtu adhani kuwa saratani ni mdudu aliyeingia mwilini. Sivyo. Mdudu huweza kuianzisha, lakini saratani yenyewe ni chembe za mwili wa mgonjwa. Kila chembe hai huzaliwa, hufanya kazi yake, hugawanyika kwa kiasi na hufa kwa wakati wake, ikiongozwa na maagizo ya urithi yaliyomo ndani yake. Maagizo hayo yakiharibika mara kwa mara, chembe moja huweza kuasi: ikagawanyika bila ya kipimo, ikakataa kufa, ikawavamia jirani zake, na baadhi ya uzao wake ukasafiri kwa njia ya damu kwenda kuota mahali pengine. Aghalabu mambo hayo huchukua miaka mingi, na katika miaka hiyo ndimo ilimo nafasi yetu ya kuzuia.

Chukueni kichocho cha mkojo. Katika vijiji vya Shinyanga watu huteka maji, hunywesha ng'ombe na huoga katika malambo na madimbwi ya mvua wanamoishi konokono wenye vimelea vya kichocho. Vimelea hupenya ngozi, hukua kuwa minyoo, na mayai ya minyoo hiyo hukwama katika kuta za kibofu. Kibofu huvimba, hupona kwa kovu, kisha huvimba tena, mwaka baada ya mwaka. Chembe zinazolazimishwa kujirekebisha kila siku ndizo zinazokosea. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliwaandika minyoo hao miongoni mwa visababishi vilivyothibitika vya saratani kwa binadamu. Na bado wapo wanaoamini kuwa mvulana anayekojoa damu amebaleghe tu! Vidonge vya prazikwanteli huwaua minyoo hao, ingawa havimzuii mtoto kuambukizwa upya arudipo majini. Mtu mzima ambaye damu humrudia katika mkojo, hata kama hasikii maumivu, asitosheke na vidonge, apimwe kibofu.

Huko Geita khatari imo katika vumbi. Mchimbaji mdogo hutoboa mwamba, kisha jiwe lenye dhahabu husagwa kwa karasha hadi likawa unga. Vumbi laini la silika huingia ndani kabisa ya mapafu na halitoki. Huyakakamaza mapafu, huifungulia njia kifua kikuu, na kwa uthibitisho wa shirika lile lile, mwaka 1997, husababisha saratani ya mapafu. Kitambaa cha kufunga pua hakilizuii. Kulowesha jiwe kwa maji wakati wa kutoboa na kusaga hulipunguza sana. Watu wengi huilaumu zebaki peke yake. Si nia yangu kuitetea: zebaki huharibu mishipa ya fahamu, figo na mtoto aliye tumboni, na hayo yatosha kuiogopa. Lakini kwa upande wa saratani, ushahidi dhidi ya vumbi ni mzito zaidi.

Wako pia ndugu zetu wenye ualbino. Mauaji yao katika Kanda ya Ziwa, yaliyotangazwa sana tangu miaka ya 2006 na 2007, yaliishtua dunia, na ilistahiki. Jua nalo huwaua, bila ya kutangazwa. Ngozi yao haina rangi ya kuikinga, na saratani ya ngozi huwapata wangali vijana. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kujikinga na jua ni dawa kwao, si mapambo. Kidonda kisichopona kikiondolewa mapema, mtu hupona.

Kwa wanawake nitasema kwa ufupi: saratani ya shingo ya kizazi huanzishwa na virusi, na chanjo yake ilianza kutolewa nchini mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ilitolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mzazi asimzuilie mwanawe.

Tiba zipo: upasuaji, dawa na mionzi. Mionzi hutolewa Ocean Road, Dar es Salaam, na pia Bugando, Mwanza, ambako ni karibu zaidi kwa mtu wa Shinyanga au Geita. Kuna uvumi kuwa uvimbe ukiguswa na kisu husambaa. Husambaa kwa kuachwa. Wengi hufika hospitali umekwisha kusambaa, kisha kisu ndicho kinacholaumiwa.

Maswali ya utabibu atayajibu daktari aliyeketi kuliani kwangu. Vikaratasi vya kuandikia vipo mlangoni kwa yule anayeona haya kuuliza kwa sauti.